Mvua si yako, jembe ni lako

1. Mashamba mawili

Katika vijiji vilivyo karibu na ziwa Tanganika watu wengi hulima mihogo, mahindi na maharagi. Mvua za kwanza huanguka karibu na mwezi wa kumi. Tazama sasa majirani wawili. Mashamba yao yanapakana. Udongo ni mmoja, jua ni moja, mvua ni moja.

Wa kwanza alilitengeneza shamba lake mbele ya mvua. Mbegu za mahindi alikuwa amezitundika juu ya moto wa jikoni, ili moshi uzilinde na vifukusi. Mvua ilipolowesha udongo, akapanda. Majani mabaya yalipoota akayang'oa, na yalipoota tena akayang'oa mara ya pili.

Wa pili alisema: «Mvua ni nyingi, siku hazijaisha.» Mbegu zake aliziacha ndani ya kikapu pembeni mwa nyumba. Vifukusi vikala nusu yake. Alipanda nyuma ya wiki nne, na kupalilia hakupalilia. Wakati wa kuvuna ulipofika, wa kwanza alijaza ghala. Wa pili alipata vikapu viwili tu.

Je, wa pili alisema nini? Hakusema: «Nilichelewa.» Alisema: «Jirani yangu ana dawa. Amelivuta shamba langu.» Tangu siku ile hakumsalimu jirani tena. Basi alipoteza vitu viwili: mahindi yake na rafiki yake. Na mwaka uliofuata alichelewa tena, kwani mtu asiyeona kosa lake atalitengenezaje?

Wazee wamesema: Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

2. Mwaka wa jua kali

Labda utasema: «Fundisho hili ni rahisi. Mwenye bidii hupata, mvivu hukosa. Nimekwisha kulijua.» Ngoja kwanza. Sikia habari ya mwaka mwingine.

Mwaka ule mvua ilianza vema, halafu ikakatika. Jua likawaka wiki nyingi. Mahindi ya mvivu yalikauka, na mahindi ya mwenye bidii yalikauka vilevile. Je, huyu mwenye bidii alikosa nini? Hakukosa kitu. Mtu hawezi kuamuru mawingu.

Lakini hakukaa chini kulia. Pembeni mwa shamba alikuwa amepanda mihogo. Muhogo huvumilia jua, na mizizi yake yaweza kungoja udongoni mwaka mmoja na zaidi. Akaichimba. Halafu akaazima wavu kwa shemeji yake, akaenda ziwani kuvua. Watoto wake walikula kidogo mwaka ule, lakini walikula.

Basi tushike neno hili. Katika maisha ya kila mtu mna mambo ya namna mbili. Kuna mambo yanayotujia, na kuna mambo tunayoyafanya sisi. Mvua, ugonjwa, kufiwa, kuzaliwa katika nyumba maskini: hayo yanatujia. Kuamka, kupanda, kuuliza, kusema kweli, kuanza tena: hayo tunayafanya sisi. Mvua si yako, lakini jembe ni lako.

3. Mtoto aliyeuzwa

Sasa sikia habari ya mtu aliyeishi kweli kando ya ziwa hili. Jina lake Adriano Atiman.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866, mbali sana na hapa, katika nchi ya mto Niger, upande wa mji wa Timbuktu. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, Watuareg walimkamata, wakamnyang'anya wazazi wake. Akauzwa kama mbuzi. Akapelekwa katika jangwa la Sahara, nchi ya mchanga na kiu, mpaka upande wa kusini wa Algeria. Huko, karibu na mwaka 1876, Mapadri Weupe walimkomboa kwa feza, wakampeleka shuleni.

Mwaka 1881 Kardinali Lavigerie alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta. Alitaka vijana Waafrika waliokombolewa wajifunze kazi ya uganga, kisha warudi Afrika kuponya wagonjwa na kufundisha dini. Atiman alikuwa mmoja wao. Alisoma huko mpaka mwaka 1888.

Fikiri kidogo, mwanafunzi. Mtoto yule aliachishwa lugha ya mama yake. Alipaswa kujifunza lugha za wageni, na katika lugha hizo kujifunza majina ya mifupa, ya mishipa, ya dawa na ya magonjwa. Hakuna mtu aliyeweza kumjifunzia. Mapadri walimlipia mkate, kitabu na mwalimu. Lakini kichwa kilichoshika somo kilikuwa chake.

Mwaka 1888 aliondoka na msafara, akafika Zanzibar. Kutoka pwani wakaenda kwa miguu, miezi mingi, wakafika Karema mwaka 1889. Karema iko ng'ambo ya mashariki ya ziwa Tanganika, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Ng'ambo yetu ya magharibi, Mpala inaelekeana nayo. Misioni zote mbili ni ndugu: Mapadri walizipokea zote mwaka 1885, na mitumbwi ilikuwa ikienda na kurudi kati yake.

Katika miaka ile watu walikuwa bado wakikamatwa na kuuzwa kando ya ziwa. Basi aliyekuwa mtumwa alijikuta tena katika nchi ya minyororo. Lakini safari hii mikono yake ilikuwa na dawa na kisu cha mganga.

Alikaa Karema miaka 67. Alioa mke Mbende, binti wa mtemi. Mwanawe Yosefu akawa padri mwaka 1923. Atiman mwenyewe alitibu wagonjwa mpaka uzee wake, akafa hapohapo Karema mwaka 1956. Hakurudi kuishi katika kijiji cha baba yake.

4. Maneno ambayo angeweza kuyasema

Atiman alikuwa na haki ya kulalamika kuliko watu wengi. Angeweza kusema: «Mimi nilinyang'anywa yote. Dunia ina deni kwangu. Nitakaa, na wengine wanilipe.» Nani angemcheka? Maneno hayo yangekuwa na kweli ndani yake. Alinyang'anywa kabisa.

Lakini tazama: kweli ile isingemponya mgonjwa hata mmoja. Wala isingemponya yeye mwenyewe. Mtu akikaa kuhesabu tu alichonyang'anywa, waliomnyang'anya wanazidi kumtawala, hata wakiwa wamekwisha kufa.

Fikiri tena jambo hili. Atiman alipofika Karema mwaka 1889, hakuna mganga hata mmoja duniani aliyejua kwa hakika kwamba mbu ndiye anayechukua malaria. Jambo hilo lilianza kuonekana wazi mwaka 1897. Dawa ya penisilini ilivumbuliwa mwaka 1928, na wagonjwa wengi walianza kuipata katika miaka ya 1940 na kuendelea. Basi mganga aliyemaliza masomo mwaka 1888, akafanya kazi mpaka nyuma ya mwaka 1950, hawezi kusema: «Mimi nimekwisha soma.» Dunia ya uganga iligeuka mara nyingi mbele ya macho yake. Mwenye kazi ya namna hiyo hubaki mwanafunzi mpaka kufa.

Huu ndio moyo tunaousema katika fundisho hili. Kuna moyo unaosema: «Mimi ndivyo nilivyo, sitaweza.» Na kuna moyo unaosema: «Sijui bado, lakini nitajifunza.» Neno «bado» ni neno dogo, lakini linafungua mlango mkubwa.

5. Nani alifungua mnyororo?

Hapa lazima tuangalie vema, tusijifunze uongo. Watu wengine husikia habari za Atiman, kisha husema: «Mnaona? Mwenye nia hufaulu. Basi kila maskini ni mvivu.» Sivyo hata kidogo.

Mtoto wa miaka kumi jangwani hakuweza kukata mnyororo wake kwa nia njema. Watu wengine walilipa feza, wakamtoa. Wasingelipa, labda bidii yake yote ingemfaa mwenye kumnunua, wala tusingelijua jina lake leo. Watoto wengi waliokamatwa kama yeye walikuwa na akili na nguvu kama zake. Walikufa mchangani. Je, tutawaambia: «Ni kosa lenu»? Tungekuwa watu wabaya.

Kwa hiyo neno «daraka» lina pande mbili. Mtu akitazama maisha yake mwenyewe, ajiulize: «Mimi nifanye nini?» Akitazama taabu ya mwenziwe, asiulize kwanza: «Alikosa nini?» Aulize vilevile: «Mimi nifanye nini?» Ulizo ni lilelile moja. Asiyejua kuliuliza huwa mkali kwa wengine na mpole kwa nafsi yake. Mwenye busara hugeuza jambo hilo.

Yatima asiye na daftari hana kosa. Mgonjwa asiyeweza kulima hana kosa. Kijiji kilichokimbia vita hakina kosa. Hao wanahitaji mtu wa kufungua mnyororo. Na mnyororo ukifunguka, hapo miguu yao wenyewe itakwenda.

6. Mwana wa milima ya Marungu

Upande wetu wa ziwa vilevile tuna mfano. Stefano Kaoze alizaliwa katika milima ya Marungu. Alisoma kwa Mapadri, miaka mingi, wakati ambapo katika Kongo hakuna Mkongomani mwingine aliyekuwa amefika mwisho wa masomo yale ya upadri. Hakuwa na kaka wa kumwambia: «Mimi nilipita njia hii, inapitika.» Alikuwa kama mtu anayekwenda wa kwanza asubuhi katika majani marefu. Umande wote unamlowesha yeye.

Mwaka 1910, alipokuwa bado mwanafunzi, maandiko yake kwa Kifaransa juu ya mawazo na desturi za Wabantu yalianza kutolewa katika gazeti moja la Ubelgiji. Mwaka 1917 akapadirishwa Baudouinville, mji unaoitwa leo Moba. Alikuwa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Nyuma yake wakaja wengine wengi. Kwa nini? Kwa sababu majani yalikwisha kulala, na njia ikaonekana.

Ndivyo ilivyo kwa kila mtu anayechukua daraka lake. Haendi kwa faida yake tu. Mdogo wako anatazama miguu yako. Ukisoma vema, naye atajua kwamba yawezekana. Ukiacha shule kwa uvivu, utamfundisha kuacha.

7. Imla ya Jumamosi

Sasa tuingie katika darasa. Jumamosi mwalimu alisomesha imla. Alipowarudishia watoto madaftari, wawili walikuwa na makosa kumi na mawili kila mmoja.

Wa kwanza akafunga daftari upesi. Akasema: «Mwalimu hanipendi. Tena anasoma mbio.» Njiani akaongeza: «Kalamu yangu ni mbaya.» Jioni akacheza mpira, akasahau.

Wa pili aliona haya vilevile. Lakini alikaa kivulini akahesabu makosa yake. Aliona kwamba makosa saba yalikuwa ya namna moja: alichanganya r na l. Akaandika maneno yale mara tano tano. Asubuhi akamwendea mwalimu, akamwambia: «Mwalimu, naomba unieleze. Nitajuaje wakati wa kuandika r na wakati wa kuandika l?» Mwalimu akafurahi, akamweleza. Imla iliyofuata, makosa yakawa matano.

Angalia vema. Labda ni kweli kwamba mwalimu alisoma mbio. Labda kalamu ya yule wa kwanza ilikuwa mbaya kweli. Lakini kalamu haikuandika l mahali pa r. Na hata kama sababu nusu ni ya mwalimu na nusu ni yangu, mimi ninaweza kutengeneza nusu ipi? Ile yangu. Nikianza na nusu ya mwalimu, nitangoja mpaka kesho kutwa, na kesho kutwa tena.

Wa pili hakuwa na akili kuliko mwenziwe. Siku ile ya kwanza makosa yao yalikuwa sawasawa. Tofauti ilianza kivulini, kwa saa moja tu. Lakini saa moja kila wiki, katika miaka sita ya shule, ni saa nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

8. Maulizo matatu ya jioni

Kufaulu katika maisha si kuwa na feza nyingi tu. Mtu amefaulu ikiwa anaweza kulisha nyumba yake, kufanya kazi yake vema, kusema neno na kulishika, na kuwafaa watu wengine. Njia ya kufika hapo haianzi siku ya kupata kazi. Inaanza leo, na jembe dogo unaloweza kulishika.

Jioni, mbele ya kulala, jiulize maulizo haya matatu:

*La kwanza:* Leo jambo gani limeharibika? Litaje kwa jina lake. Usiseme: «Siku ilikuwa mbaya.» Sema: «Nilichelewa shuleni.»

*La pili:* Katika jambo hilo, sehemu yangu ni ipi? Usichukue sehemu isiyo yako. Ikiwa mama aliugua na wewe ukabaki nyumbani kumchotea maji, hukukosa. Lakini ikiwa ulisimama njiani kutazama watu wakicheza, hiyo ni sehemu yako.

*La tatu:* Kesho nitafanya nini? Chagua jambo moja dogo, ambalo macho yanaweza kuliona. «Nitakuwa mtoto mwema» ni neno kubwa, hata wewe hutajua kama umelitimiza. «Nitaamka jogoo akiwika na kuchota maji kwanza» ni neno dogo, na jioni utajua kama umelifanya au hukulifanya.

Ukianguka, anza tena. Hata mkulima mwenye bidii hupata malengelenge mikononi. Wazee wamesema: Achanikaye kwa mpini hafi njaa.

Maneno magumu

*Daraka:* kazi au jambo ambalo mtu lazima alijibie mwenyewe.
*Imla:* maneno ambayo mwalimu anayasoma na wanafunzi wanayaandika.
*Kukomboa:* kumtoa mtu utumwani kwa kulipa mali.
*Kusingizia:* kumwekea mwingine kosa lisilo lake.
*Malengelenge:* ngozi iliyovimba na kujaa maji, kwa kuungua au kwa kushika mpini.
*Mganga:* katika fundisho hili, daktari. Si mpiga ramli.
*Vifukusi:* wadudu wadogo wanaotoboa na kula mahindi na maharagi yaliyowekwa.

Maulizo

1. Mashamba ya majirani wawili yalikuwa sawasawa kwa mambo gani? Yalitofautiana kwa nini?
2. Jirani wa pili alipoteza vitu gani viwili?
3. Mwaka wa jua kali, kwa nini watoto wa mwenye bidii hawakufa njaa?
4. Adriano Atiman alizaliwa katika nchi gani? Alisoma uganga wapi?
5. Taja mambo mawili yaliyomjia Atiman pasipo kutaka kwake, na mawili aliyoyafanya mwenyewe.
6. Kwa nini si haki kusema kwamba kila maskini ni mvivu? Jibu kwa mfano wa Atiman.
7. Mwanafunzi wa pili alifanya nini nyuma ya imla? Wewe ungefanya nini?

Kazi ya kuandika

Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari katikati. Upande wa kushoto andika mambo matano ya maisha yako usiyoweza kuyageuza. Upande wa kulia andika mambo matano unayoweza kuyafanya mwenyewe. Chagua moja la upande wa kulia, ulifanye wiki hii. Wiki ijayo utamweleza mwalimu jinsi ulivyolifanya.